Muulizeni Bibi wa Nyuma

Nyie vijana mnaotembea na miksa ya sauti ndani ya begi kama mtu anayepeleka daftari shuleni, jina langu mnalijua. Mama Mitambo. La ubatizo ni Anastazia, ila nikiitwa hivyo barabarani huwa nachelewa kugeuka. Nakaa Makanyagio, hapa hapa Mpanda mjini, na kwa miaka ishirini na saba kazi yangu ilikuwa moja tu: anayesema mbele asikike nyuma. Harusi, mahafali, mikutano ya injili, maulidi, misiba, matamasha. Mwaka jana nimekabidhi meza ya mitambo, kwa sababu magoti yamekataa kupanda lori la Fuso.

Wawili kati yenu mlikuja juzi mkakaa kibarazani kwangu, mkaniuliza siri ya sauti nzuri ni nini. Nikawapa chai, nikawaambia, kunjeni waya vizuri. Mkacheka. Sikuwa natania. Waya ukiuzungushia kwenye kiwiko kama kamba ya kuchotea maji, unaumia ndani kwa ndani, na utakufa siku ambayo bwana harusi anasema nakupenda. Ukunje kwa kuufuata, mzunguko mmoja juu, mmoja chini, uende unakotaka wenyewe. Ukimaliza uning'inie kimya bila kujipinda. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti ambao hawajui hilo.

Aliyenifundisha ni Mzee Deo. Mpimbwe wa Kasansa, mrefu, mwembamba, shati limechomekwa hata tukiwa tunabeba spika kwenye tope. Tulikutana nikiwa muimba kwaya. Kwenye mkutano mmoja wa injili maiki zetu zilikata katikati ya wimbo. Wenzangu wakaendelea kuimba, mimi nikatoka kwenye mstari, nikaufuata waya kwa mkono mpaka nikakuta mguu wa meza umeukalia. Nikainua meza, sauti ikarudi. Baada ya ibada yule mzee akaja.

"Nani kakufundisha kufuata waya?"

"Hakuna. Nimeona vitaa vinawaka upande wako, nikajua ubovu uko njiani."

Akanitazama tangu kichwani mpaka kwenye kandambili. "Kesho njoo. Ila kuimba utaacha. Huwezi kuimba na huku unasikiliza."

Nikaacha kuimba. Mume wangu alidhani nimerogwa.

Msidhani nilianza vizuri. Mwezi wangu wa pili tulikwenda kwenye mahafali ya shule, na mgeni rasmi alikuwa anahutubia. Saa nzima. Mimi nilikuwa chini ya turubai na maiki ya akiba mkononi, nikamwambia Mzee Deo, "Huyu baba akiongeza nusu saa, wali utaganda." Maiki ilikuwa wazi. Niliisikia sauti yangu mwenyewe inatoka kwenye spika nne, tamu kabisa, kila neno limenyooka. Uwanja mzima ulicheka, na mgeni rasmi naye akacheka, akakunja karatasi yake akakaa. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Deo hakunigombeza. Alisema tu, "Umesikika vizuri. Sasa jifunze kuzima." Tangu siku hiyo maiki yoyote ninayoishika naiangalia swichi kwanza, kama mtu anavyoangalia bunduki.

Alinifundisha vitu vidogo vidogo. Kufunga balbu ya kawaida pembeni ya meza, ili jenereta likichoka uone mwanga unafifia kabla amplifaya hazijaungua. Kuvisha maiki soksi safi upepo ukiwa mkali. Kusogeza jenereta mbali, nyuma ya kichuguu au ukuta, lingurumie huko huko. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa hili: kabla shughuli haijaanza, na mara nyingi katikati yake, alikuwa anatoka mezani anatembea mpaka nyuma kabisa ya watu. Huko anatafuta bibi mzee kuliko wote. Anachuchumaa, anamuuliza, "Bibi, unasikia?" Bibi akisema nasikia, anarudi. Akisema sisikii, anarudi mbio.

"Mbele wapo wenye nguvu," aliniambia. "Hao hata ukizima wataelewa. Wewe muulize bibi wa nyuma."

Sasa niwaambie kilichotokea mlimani.

Kulikuwa na tamasha la ngoma na kwaya, siku nne, juu kwenye milima ile ya kuelekea Karema, kabla barabara haijaanza kushuka ziwani. Uwanja ulikuwa mteremko wa nyasi, jukwaa chini, watu wamekaa juu kama kwenye ngazi, na nyuma ya jukwaa mlima mwingine umesimama. Kwaya zilitoka Karema na Mpanda mjini. Wasukuma walikuja na ngoma zao. Vijana wa bongo fleva walikuja na miwani ya jua, wakakuta baridi, wakaazima mashuka. Watu walilala kwenye mahema na vibanda vya nyasi, kinamama wakapika kwenye masufuria makubwa chini ya miti. Kwa miaka yangu yote sijaona mahali pazuri zaidi pa kupiga muziki, wala pagumu zaidi.

Ugumu ni mlima. Ukielekeza spika kwenye mlima, unakurudishia kila neno baada ya pumzi moja, na mwimbaji anaanza kushindana na nafsi yake. Mzee Deo alilitatua hilo asubuhi moja kwa kupiga makofi tu. Alizunguka uwanja anapiga kofi moja, anasikiliza, anahama. Akapata mahali ambapo kofi halirudi. "Spika zikae hapa, ziangalie kule." Nilimwona anatega kichwa upande wa kushoto kila akipiga, nikadhani anakwepa jua.

Halafu kulikuwa na baridi. Mimi ni mtu wa bondeni, nilijifunga kanga mpaka puani. Siku hiyo ya kwanza aliniambia mara tatu, tena kwa ukali ambao haukuwa wake, "Toa kanga mdomoni unapoongea na mtu mzima." Nikajisikia vibaya. Miaka yote ile hajawahi kunifunza adabu, leo inakuwaje?

Mchana wa siku ya kwanza, kwaya ya kinamama inaimba, nikamwona anatoka mezani kwenda nyuma kama kawaida yake. Mimi nilikuwa huko huko juu, napitisha waya kwenye nyasi, hatua chache tu kutoka kwake. Akampata bibi mmoja amekaa juu ya gunia, shuka limemfunika kichwa. Akachuchumaa.

"Bibi, unasikia?"

Bibi akajibu bila kugeuka, uso ndani ya shuka, "Sisikii kitu, baba. Nawaona wanafungua midomo tu."

Mzee Deo akatikisa kichwa kwa furaha. "Ahsante bibi. Vizuri sana." Akainuka, akashuka zake taratibu kwenda mezani.

Nilibaki na waya mkononi. Nikamwangalia anavyokwenda, shati limechomekwa, mgongo umenyooka, na mambo yote yakajipanga kichwani mwangu. Kutega sikio. Kanga mdomoni. Simu ambazo hapokei ila anataka ujumbe wa maandishi. Mwalimu wangu alikuwa hasikii, na alikuwa anatuficha.

Nilifanya nini? Nilifanya kosa. Badala ya kumwendea, nikaanza kumwibia. Akigeuka kunywa maji, napunguza kitufe hiki. Akiinuka kusalimia mtu, naongeza kile. Mchana wote uliobaki na siku ya pili yote nilirekebisha sauti nyuma ya mgongo wake, kama mtoto anayeonja mboga. Na tatizo lake lilikuwa la namna moja, lisikilizeni maana na nyie litawapata. Sauti nzito alikuwa anazisikia. Ngoma, besi, wanaume. Zilizomtoroka ni nyembamba: kinamama, watoto, herufi zinazopita kwenye meno. Na kwa kuwa hazisikii, alikuwa anaziongeza. Anaongeza, anaongeza, mpaka maiki inaanza kupiga mluzi. Na ule mluzi wenyewe, jamani, nao ni sauti nyembamba. Hakuusikia.

Siku ya tatu sikumuwahi. Jenereta lilikaribia kuishiwa mafuta nikaenda kuongeza, na wakati huo ikapanda kwaya ya watoto wa shule, wadogo, meno ya mbele bado hayajaota upya. Wakaanza kuimba, na mluzi ukaanza. Mnaujua mluzi wa spika kubwa, unaingia kama msumari. Watoto wakaziba masikio. Mmoja, kasichana kalikokuwa kanaongoza, kakaangua kilio pale pale jukwaani. Mshereheshaji akadaka maiki akasema, "Fundi mitambo, baba, umelala?" Uwanja wote ukacheka.

Nilikimbia na dumu la mafuta mkononi. Nilipofika, Mzee Deo alikuwa anawaangalia watu wanaocheka, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kujua kichekesho ni nini, ili naye acheke. Akatabasamu kidogo. Nilishusha sauti yote kwa mkono mmoja. Lile tabasamu ndilo lililoniumiza kuliko mluzi.

Jioni ile, kabla jua halijazama, mwenyekiti wa kamati akanivuta pembeni. Bwana Hamisi, mwenye duka la nguo hapa mjini, mtu muungwana sana. Alikuwa anazungusha kofia yake mikononi.

"Mama Mitambo, yule mzee mimi namheshimu. Ndiye aliyefunga vyombo harusi yangu. Lakini watoto wale wameumia masikio, na wazazi wamenijia juu. Kesho ni kilele. Meza ukae wewe."

"Kesho anaimba dada yake," nikamwambia.

"Dada yake nani?"

Ilibidi nimweleze. Kundi la kinamama wa Kasansa lilikuwa linapanda siku ya mwisho, na anayeongoza ni Bibi Yustina, dada mkubwa wa Mzee Deo, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Bibi Yustina alikuwa hajawahi kuimba kwenye maiki. Alikuwa anakataa, anasema sauti yake si ya kupitia kwenye waya. Mzee Deo alimbembeleza miaka na miaka. Alimwambia, dada, siku moja nitakaa mezani mimi mwenyewe, na mtu wa mwisho kabisa mlimani atakusikia. Mwaka huo bibi akakubali. Alikuja kutoka Kasansa juu ya lori la mahindi kwa ajili ya ahadi hiyo.

Bwana Hamisi akaacha kuzungusha kofia. Nikamwambia, "Nipe wimbo mmoja. Huo tu akae yeye. Nyingine zote nitakaa mimi."

"Na mluzi ukipiga?"

"Nitashuka Karema kwa miguu, usinione tena."

Hakucheka. Aliivaa kofia yake. "Mmoja, mama. Mmoja tu."

Sasa ikabaki kumwambia mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ambayo hakuna aliyenifundisha.

Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta mezani mapema. Mlimani umande ni kama mvua, na hatukuwa tunawasha chombo mpaka jua limekausha. Alikuwa amefunua miksa, ameinamia. Pembeni ya kila kitufe alikuwa na tabia ya kubandika plasta nyeupe ya dukani na kuandika alama kwa kalamu, mahali pa kila sauti. Alikuwa anaweka kidole kwenye alama, halafu kwenye kitufe.

"Mkono wako umepita hapa," akasema bila kuinua macho. "Na hapa. Na hapa."

Nikatoa kanga mdomoni, nikangoja ainue macho. "Ndiyo, mzee."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Yule bibi wa kwenye gunia alikwambia hasikii."

Hapo akanikazia macho. "Alisema hasikii?"

"Alisema anaona midomo inafunguka tu."

Alikaa. Alitoa kitambaa mfukoni akaanza kufuta vitufe, kimoja kimoja, ingawa vilikuwa vikavu. Nikamwacha. Kuna wakati kusema ni kumkanyaga mtu.

"Lilianza la kulia," akasema baadaye. "Mwaka wa tatu sasa. Nikasema nta. Nikatia mafuta ya moto. Halafu la kushoto likaanza kumfuata mwenzake. Ndege wa asubuhi nilidhani wamehama Mpanda, mwanangu. Nilimuuliza mke wangu, hivi ndege wamekwenda wapi? Akaniangalia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Fundi mitambo asiyesikia?" Akacheka kidogo kwa puani. "Ungewaambia watu nini? Wewe sauti yako yenyewe naisoma mdomoni."

Nilitaka kulia, lakini nikajua nikilia atashindwa kunisoma. Nikamweleza mpango. Kwamba akae mezani wimbo wa dada yake, na mimi nitasimama juu kabisa, nyuma ya watu wote. Nitakuwa na kanga ya njano. Nikiinua kanga, aongeze. Nikishusha, apunguze. Nikigusa kichwa, ni sauti nyembamba. Nikipiga tumbo, ni besi. Nikikunja mikono kifuani, asiguse kitu, pamekaa sawa.

Alifikiri. Mtu mwenye majivuno angekataa, na nilimjua kwa majivuno yake pia. Akasema, "Nyuma kabisa?"

"Nyuma kabisa."

"Basi mbebe bibi wa gunia mkae pamoja."

Mchana kinamama wa Kasansa wakapanda. Kumi na wawili, wamefunga vitenge vya namna moja, na mbele yao bibi mfupi mwenye fimbo, amesimama mbali na maiki kama mtu anayemwogopa nyoka. Mimi nilikuwa juu kwenye mteremko, bibi wa gunia kando yangu, Mzee Deo chini mezani ananiangalia mimi, si jukwaa. Bwana Hamisi alikuwa amesimama karibu na meza, nilimwona midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasoma dua.

Bibi Yustina akaanza. Wimbo wenyewe ni wa Kipimbwe, wa kumwita mtu aliye shamba la mbali aje ale, chakula kimeiva. Mtu wa kwanza anaita peke yake, wenzake wanapokea. Alianza chini sana, sikusikia kitu. Nikainua kanga. Mzee Deo akaongeza. Bado. Nikainua tena, nikagusa kichwa. Ikaja. Ikaja kama mtu anayetokea kwenye ukungu, kwanza huoni ila kitu, halafu unaona ni mtu, halafu unamjua. Nikakunja mikono kifuani. Bibi wa gunia alikuwa ametoa shuka kichwani.

Sasa sikilizeni balaa. Kinamama waliokuwa karibu yangu walidhani nacheza. Waliona naitupa kanga juu, napiga tumbo, nagusa kichwa, na wao wakaona ni mchezo wa wimbo huo. Mmoja akavua kanga yake akainua. Wa pili akainua. Mara mstari wote wa nyuma wanawake ishirini wanapunga kanga, wanapiga matumbo, wanashika vichwa, na wanapiga vigelegele. Na Mzee Deo kule chini anaona kanga ishirini zinasema ongeza! Nikaona mkono wake unasukuma. Nikasikia maiki inaanza kuvuta pumzi, ile dalili ya kabla ya mluzi.

"Kaeni!" nikapiga kelele. "Kaeni mama zangu, mnampa fundi kazi! Kaeni!"

Hakuna aliyesikia. Nikapanda juu ya jiwe, nikakunja mikono kifuani kwa nguvu zangu zote, nikasimama kama sanamu, katikati ya kanga zinazoruka. Nikamwomba Mungu, mzee anione mimi peke yangu. Mzee Deo alisogeza uso mbele. Aliwaangalia wote. Halafu mkono wake ukarudi, taratibu, mpaka kwenye alama, ukabaki pale. Mluzi haukuja. Ulikufa kabla ya kuzaliwa.

Bibi Yustina aliendelea kuita mtu wake kutoka shamba la mbali, na mlima mzima ukawa unapokea. Nilimuuliza bibi wa gunia, kwa sababu kazi ni kazi, "Bibi, unasikia?" Alikuwa anafuta macho na ncha ya shuka. Akaniambia, "Niache kwanza, mwanangu." Nikaona hilo linatosha kumpelekea mzee.

Wimbo ulipokwisha nilishuka mbio. Bwana Hamisi alikuwa amemshika Mzee Deo mkono kwa mikono yake miwili na hamwachii. Nikakaa mezani, kazi ikaendelea na kwaya nyingine. Jua lilipoanza kuinama tukazima, watu wakaanza kufungasha, na sisi tukaanza kukunja waya. Hapo ndipo Bibi Yustina akaja na fimbo yake, anatembea juu ya nyasi zilizolala. Akamsimamia mdogo wake.

"Ulinisikia?" akamuuliza.

Nilijua angeweza kudanganya. Alikuwa na miaka mitatu ya mazoezi. Aliangalia midomo ya dada yake, halafu macho yake.

"Hapana, dada," akasema. "Masikio yamekwisha. Nasikia ngoma na sauti za wanaume tu. Yako sikuisikia hata moja. Ila niliwaona watu."

Bibi Yustina hakusema pole. Aliiweka fimbo chini, akakaa juu ya boksi la amplifaya, akamvuta mdogo wake akae chini mbele yake, mzee mzima mwenye shati limechomekwa, akamshika kichwa kwa mikono miwili akakilaza kwenye paja lake, sikio la kushoto juu. Halafu akainama. Akaanza upya ule wimbo, lakini ameushusha. Sijawahi kumsikia mwanamke akishuka pale. Aliushusha mpaka ukawa mzito kama wa mzee wa kiume, mpaka unakwaruza, anaita aliye shamba la mbali aje ale, bila waya, bila spika, mdomo umegusa sikio.

Niliacha nilichokuwa nafanya. Mzee Deo alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilianza kuupokea wimbo, pale wenzake wanapopokea, mahali hasa. Nikajua amesikia.

Alipomaliza, dada yake akamwinua kichwa ili aione midomo. "Na sasa?"

Mzee Deo alikohoa kwanza. "Umeruka ubeti wa tatu," akasema.

"Nimezeeka mimi. Nimesahau."

"Wa viazi. Unaposema viazi vinapoa."

"Ah! Huo." Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Basi lala tena."

Akalala tena. Dereva wa Fuso alikuwa ameshageuza gari, injini inanguruma, anapiga honi tupakie. Nikaenda mpaka dirishani kwake nikamwambia azime.